Mhariri, mbona kadi ya kliniki inaishia miaka mitano?

Mhariri habari za kazi na pole na majukumu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, mtanisamehe nikiruka ruka maana naandika nikiwa nimetoka zamu ya usiku na nikilala hili jambo nitalisahau tena. Ni nesi, mwaka wa 11 sasa niko wodi ya watoto, hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, jina la hospitali naomba niliache maana kibarua changu bado nakihitaji.

Mwaka jana kipindi cha masika aliletwa dogo mmoja wa darasa la sita, kabebwa mgongoni na mama yake, yaani mtoto wa miaka 12 kabebwa kwa kanga kama wa mwaka mmoja, we piga picha hapo. Viungo vinamuuma halali, macho ya njano, viganja vyeupe. Tukampima wingi wa damu ikaja 5.2, yaani chini sana, tukampandisha kwenye mzani kilo 26. Nikamuuliza mama karatasi za matibabu za mtoto ziko wapi, akafungua fundo la kanga akatoa mfuko, ndani ya mfuko kadi ya kliniki, ile ile ya chanjo na uzito, imekunjwa mpaka imechanika katikati. Nukta ya mwisho kwenye ule mchoro imewekwa mtoto ana miaka minne na miezi kadhaa, na iko kwenye kijani kabisa safi. Baada ya hapo hakuna kitu. Miaka saba na ushee hakuna mtu aliyempandisha yule mtoto kwenye mzani.

Mama alivyoona nimeduwaa akaniambia, nesi, si nyie mlisema kliniki ni mpaka miaka mitano? Na kweli tulisema, tena mimi mwenyewe nilivyokuwa zahanati nimewaambia kina mama wengi tu, hongera mama umemaliza kliniki.

Sasa hapo ndo penye swali langu. Mtoto akiwa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwa sera ya nchi, anapimwa uzito kila mwezi, anapewa matone ya vitamini A, dawa za minyoo, chanjo, akikosa mwezi mmoja mhudumu wa afya wa mtaa anamfuata nyumbani. Akitimiza mitano ni kama amestaafu. Kuanzia hapo mzazi analipia kumuona daktari, analipia kipimo, analipia dawa, kwahiyo wengi wanaishia duka la dawa, mseto ile ya malaria na ya maumivu basi. Sisi tutamuona tena akiwa wa kike amekuja na mimba, akiwa wa kiume ameletwa kavunjika mguu kwenye bodaboda. Katikati hapo miaka kumi na kitu, kipindi ambacho mwili unabadilika kuliko kipindi chochote ukitoa ule mwaka wa kwanza, hayuko kwenye daftari la mtu.

Yule dogo alikuwa na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Miaka yote hiyo mama anaambiwa malaria, mara homa ya mifupa, kuna ndugu walishampeleka kwa mtaalamu wa kienyeji akachanjwa chale magotini, nimeziona. Na seli mundu sio ugonjwa wa ajabu hapa kwetu, Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao, takriban 11,000 kwa mwaka, kwahiyo ukichukua shule yoyote kubwa ya msingi wa kukosekana humo ni bahati. Alivyoanza kupata nguvu akanisimulia ya shuleni. Anachapwa kwa kuchelewa kwasababu asubuhi magoti yamekaza. Anakimbizwa kuzunguka uwanja kwenye baridi la saa kumi na mbili na nusu. Anakatazwa kutoka darasani kwenda kukojoa, na wenzake wanamuita kikojozi. Mhariri, mgonjwa wa seli mundu figo zake hazishiki maji vizuri, anatakiwa anywe maji mengi na atakojoa mara nyingi, usiku pia, hiyo sio tabia mbaya ni ugonjwa. Mwalimu wake simlaumu sana kwakweli, nani alimwambia? Nilimwandikia barua ya nusu ukurasa tu: maji mezani, ruhusa ya choo, sweta, asikimbizwe, akilalamika maumivu apigiwe simu mama yake. Akaifuata yote bila ubishi, sasa barua ya nusu ukurasa tu ilishindikana vipi miaka sita yote.

Afu kuna hili la jinsi tunavyoongea nao. Kwenye mafunzo tunafundishwa mtoto wa umri wa shule anaogopa kuharibiwa mwili wake na mara nyingi anaamini kaugua kwasababu kafanya kosa. Nilikuwa nadhani ni maneno ya darasani mpaka mmoja wa miaka minane aliponiuliza kwa sauti ya chini kama akirudisha maembe ya jirani mguu utapona. Alikuwa na jipu. Huyo ukimwambia wewe ni mwanaume usilie unakuwa humsaidii kitu, mpe bomba la sindano halina sindano alishike, avute maji, amchome mdoli au hata mto, muoneshe utafanya nini na kitauma muda gani, atakupa mkono mwenyewe. Inachukua dakika nne. Najua wodi ina watoto 40 na manesi wawili, ila kumshika mtoto kwa nguvu watu wanne nako kunachukua dakika, tena na mateke juu.

Wa miaka 13, 14 na kuendelea ndo kabisa hawana kwao. Wodi ya watoto vitanda vifupi na ukutani katuni, ukimpeleka ya wakubwa analala katikati ya wazee. Kuna kijana alivunjika paja akawa amefungwa uzito mguuni wiki kadhaa, hakunywa maji mchana kutwa kwasababu anaona aibu kumuomba kopo la mkojo mwanafunzi wa unesi ambaye ni wa kike na wamepishana miaka minne tu, tumekuja kugundua midomo imeshapasuka. Na ukimuuliza swali anajibu mama yake. Dawa ya hilo niliipata kwa sista mmoja aliyenifundisha kazi, unamwambia, mama naomba ukatuchukulie maji ya kunywa pale kantini, mama akitoka una kama dakika tano, hapo ndo utasikia kuna shida ya siku zake, kuna mtu anamsumbua njiani, kuna anayekojoa damu mwaka mzima.

Ya kukojoa damu nisiipite. Huku watoto wanaoga kwenye majaruba ya mpunga na mabwawa, kichocho ni cha kwao, na bado kuna vijana wanaambiana damu kwenye mkojo ni dalili ya kuwa mwanaume! Dawa zipo, prazikwanteli zinaletwa mashuleni bure pamoja na za minyoo, wanapimwa urefu kwa fimbo kujua idadi ya vidonge, wanameza. Tatizo linakuja zinapotolewa kwa mtoto ambaye hajala tangu jana usiku, akimeza anatapika, mwingine anaanguka, wenzake wanapiga kelele, na mji mzima unajua watoto wanauawa. Mwaka 2008 kule Morogoro ilifika mpaka wazazi wakavamia shule. Sufuria la uji kabla ya vidonge lingeokoa maneno mengi.

Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, hivyo hivyo. Ilianza kwa majaribio Kilimanjaro 2014, 2018 ikaenda nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14 dozi mbili, tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 mpaka 14. Saratani ya mlango wa kizazi ndo inaongoza kwa wanawake nchini na aina mbili za virusi ambazo chanjo inazizuia ndo chanzo cha karibu asilimia 70 ya saratani hiyo. Lakini siku ya kuchanja ukienda shuleni unakuta madawati matupu, wazazi wamewaficha watoto, eti inafunga kizazi. Baba mmoja alinifuata hadi zahanati kapandisha hasira, nikamkaribisha benchi, nikamuuliza kama kuna mtu anamfahamu aliyekufa kwa ugonjwa huo, akanyamaza muda mrefu, akasema dada yangu. Binti yake alichanjwa siku hiyo hiyo. Ila mi nimeongea na baba mmoja, shule ina mabinti mia tatu, na sisi tunakuja siku ya chanjo tu na makoti meupe kama polisi kisha hatuonekani tena, kwanini watuamini?

Pedi sitaongea sana, mnajua wenyewe kodi iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019 kwasababu bei madukani haikushuka, basi mtoto wa kijijini anaendelea na kitambaa na kukosa shule.

Na manesi wenzangu msinichukie, tunachangia. Binti wa miaka 16 akija dirishani kuuliza kitu chochote cha uzazi swali la kwanza ni umeolewa? La pili, mama yako anajua uko hapa? Kwa sauti, foleni yote inasikia. Sheria tangu 2019 inaruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi, sisi bado tunamuuliza mzazi yuko wapi. Nimefanya hivyo na mimi, mmoja aliondoka bila kujibu na sikumuona tena mpaka alipokuja kujifungua.

Ninachoomba sio hospitali mpya wala mashine. Huku kwetu zahanati nyingi ni jirani tu na shule, dakika kumi kwa mguu. Nesi mmoja aende siku moja kila mwezi, kama tunavyoenda kliniki ya mkoba kwa watoto wadogo vitongojini, na mzani, kamba ya urefu, lile bango la herufi la kupimia macho (kuna watoto wanaitwa vilaza kumbe ubaoni hawaoni), na saa moja ya kukaa na darasa moja bila mwalimu. Na kadi iendelee. Michoro ya ukuaji ya miaka 5 mpaka 19 Shirika la Afya Duniani lilishaitoa tangu 2007, haihitaji kugunduliwa, inahitaji kuchapwa na kuwekwa shuleni kwa mwalimu wa afya. Wakubwa wa wizara mbili, ya afya na ya elimu, na TAMISEMI, ile ya serikali za mitaa, ambako shule na zahanati za serikali ziko chini yake, wakae meza moja waseme nani anabeba hili, maana kwa sasa kila ukiuliza unaelekezwa ofisi ya pili.

Yule dogo bado anakuja kila mwezi kuchukua dawa. Kwa kuwa kadi yake ilishaisha mama alinunua daftari la hesabu lile la vyumba, nikachora mchoro kwa kalamu, kilo pembeni, miezi chini. Ilianza 26 mwezi wa nne, mwezi wa kumi na mbili ilikuwa 30, nukta tisa hakuna uliorukwa. Za kwanza niliweka mimi, siku hizi anaweka mwenyewe na rula, na mwezi uliopita nilisoma mzani haraka haraka akaniambia nesi rudia, umekosea nusu kilo.

Nesi, wodi ya watoto
Kanda ya Ziwa