Ukili wa sentimita nne: darasa moja kwa mtoto, bibi na asiyeona

Masheha, walimu wa skuli na vikundi vya kinamama hapa Pemba wanapotuita kufundisha ususi wa mikeka, swali huwa lile lile: watu wenye ulemavu wapangiwe siku yao? Hapana. Wote wakae siku moja, wasuke mkeka mmoja. Kinachobadilika zaidi ni upana na idadi ya chane, yaani vipande vyembamba vya ukindu (majani ya mkindu) vinavyosukwa.

Mkeka hushonwa kwa ukili, yaani utepe mrefu uliosukwa kwa chane, ukiunganishwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo lazima ukili wote uwe na upana mmoja. Sisi tunatumia sentimita 4. Bibi aliyezoea atachukua chane 11 za nusu sentimita. Mtu mzima anayeanza apewe 7, kila moja milimita 8. Mtoto wa miaka saba, au mtu ambaye vidole vyake vimekakamaa, hupewa 5 za sentimita 1.2. Zikibanwa vizuri, zote hutoa karibu sentimita 4. Kazi ya mtoto itaonekana nene kidogo, lakini inaingia mkekani pamoja na ya bibi, wala haihitaji kuwekwa pembeni kuwa "zawadi ya watoto".

Mkono wenyewe unakwenda hivi. Chane tano zigawe: tatu kulia, mbili kushoto. Shika ya nje kabisa upande wa tatu, ipitishe juu ya jirani yake, kisha chini ya inayofuata, iingie upande wa pili. Sasa kushoto ndiko kwenye tatu. Rudia kutoka huko. Kwa asiyeona tunasema "juu, chini, vuka", na huanza kwa kupapasa sampuli ya shibiri moja iliyokwisha kusukwa. Akisahau "chini", kidole kitahisi kasoro pale pale, na ndiyo maana wengi wao hugundua kosa mapema kuliko wanaotegemea macho. Kwa mwenye uoni hafifu, changanya ukindu mweupe na uliotiwa rangi nzito, zambarau au nyeusi. Rangi mbili zilizofifia hazimsaidii kitu.

Kosa linalojitokeza zaidi ni ukili kupinda kama mundu. Sababu yake ni kuvuta upande mmoja kwa nguvu zaidi. Dawa ni kibao chenye pengo la sentimita 4: kila ukifika shibiri, pitisha ukili pengoni. Ukikwama, umelegeza, ukicheza, umebana mno. Hakihitaji macho wala kusoma namba.

Mtu aliyepooza mkono mmoja tunampa ubao uliopigiliwa misumari miwili. Mwanzo wa ukili unafungwa hapo, mkono mzima unafanya kazi yote. Atakwenda polepole, basi msimpe kiasi sawa na wenzake. Kwa viziwi, mwalimu asikae na dirisha mgongoni, kwa sababu uso na mikono vitakuwa kivuli. Na asiongee huku anaonyesha, maana jicho haliwezi kumfuata mkalimani wa lugha ya alama na vidole kwa wakati mmoja. Anayetumia kiti cha magurudumu huenda asiweze kukaa kitako mkekani na wengine, kwa hiyo wekeni meza yenye nafasi ya magoti chini yake, halafu baadhi ya wengine nao wakae mezani, asibaki peke yake juu.

Ukindu ukiwa mkavu hukatika kwenye mkunjo. Ukirowekwa ndooni hufura, na ukikauka ukili unalegea wote. Ufungeni ndani ya kitambaa kibichi nusu saa kabla ya darasa, inatosha. Rangi huchemshwa siku nyingine na watu wazima, ukindu ukasuuzwa mpaka maji yatoke safi. Bila hivyo nguo za watoto zitaonyesha nani alisuka nini.

Chane ikibaki na urefu wa vidole vinne, laza mpya juu yake usuke zote mbili mizunguko mitatu. Usiunge mbili mahali pamoja, pataachia. Mikia ikatwe ukili ukishakauka.

Mkeka wa mita 1 kwa 2 unataka ukili wa mita 50. Andaeni 55, kwa sababu mshono wa shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, unakula kingo. Darasa la watu 22 ni wastani wa mita mbili na nusu kila mtu, katika vipindi vya saa moja na nusu. Watoto wasipangiwe saa za chuoni (madrasa), watakosa kimoja.

Mnapotuita, tuambieni idadi ya watu, umri wao na nani anahitaji msaada gani. Tunaleta msaidizi mmoja kwa kila wanafunzi wanne, na bei hupanda au kushuka kwa idadi ya wasaidizi. Ukindu wenyewe si gharama kubwa. Tupeni wiki mbili. Wakati wa masika tupeni mwezi, kwa sababu ukindu usiopata jua huota ukungu kabla haujachanwa.