Risala ya Wanakikundi wa Kikoba, Igunga, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuvunja Kikoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na kijiji, wanakikundi wenzetu na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Leo tunavunja kikoba chetu cha mwaka, yaani tunagawana akiba tuliyoweka pamoja. Tuko wanachama 28, wengi wakulima wa pamba, mpunga na choroko, na mama lishe wachache wa stendi. Hisa zimetimia, mgao utauona mwenyewe. Ila mfuko wa jamii, ule tunaochangia Sh 1,000 kila kikao kwa ajili ya ugonjwa na msiba, ni mtupu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Februari mwenzetu alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wiki ile ile mtoto wa mwingine alilazwa kwa malaria kali. Mfuko ukaisha. Wa tatu alipougua akauza mbuzi wawili, sisi tukimwangalia. Tukajua kuwa watu 28 hatutoshi kubebana, maana mvua ikinyesha tunaugua wote kwa pamoja.

Igunga si ngeni kwa jambo hili. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio hapa hapa mwaka 1996, ndipo ukatungiwa sheria mwaka 2001. Wazee wetu wanaikumbuka “tele kwa tele”: wananchi wakichangia, serikali nayo inaongeza. Mbona ukadorora? Tuseme kweli, na sisi tumo. Mtu alingoja aumwe ndipo akate kadi, akipona haonekani tena. Lakini hata mwenye kadi alifika dirishani akaambiwa dawa hakuna, kanunue dukani. Aliyelipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja, mwaka uliofuata hakulipa. CHF iliyoboreshwa ilipokuja, Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita, wapo miongoni mwetu waliokata mara moja tu.

Ndiyo maana tuliipokea vizuri Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Kila mkazi awe na bima, mzima na mgonjwa, na wasio na uwezo walipiwe kwa fedha zikiwemo za ushuru wa soda, vipodozi na michezo ya kubahatisha. (Soda zilizo mezani kwako, Mheshimiwa, tumezinunua kwa moyo mkunjufu zaidi mwaka huu.)

Ombi letu kubwa ni wakati wa kulipa. Mwajiriwa hukatwa kwenye mshahara kila mwezi. Sisi fedha tunaishika pamba na mpunga vikiuzwa, na ikifika Januari hata ya chumvi ni ya kukopa. Malipo yafuate mauzo, au yapokelewe kidogo kidogo kupitia vikundi kama hiki. Pia majina ya wasio na uwezo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwani sisi ndio tunaojua ni nyumba ipi haiinjiki chungu jioni. Na dawa ziwepo, Mheshimiwa. Zisipokuwepo, sheria itatulazimisha kulipa lakini haitatufanya tuamini.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kwamba leo, kabla mwanachama hajapokea mgao, atenge fedha ya bima ya kaya yake. Afisa msajili ameketi pale chini ya mwembe na simu yake. Tunakuomba ushuhudie.

Tunaomba kuwasilisha.