Kaka Shija, Mama asikalishwe

Kuopio, Ufini

Kaka Shija, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kituo cha basi nikitoka zamu, nikaurudia nyumbani nihakikishe nimesikia sawasawa. Milioni mbili na nusu ya pikipiki, ili Mama "asikanyage vumbi tena." Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha, na haya nataka yasomwe hapo sebuleni, Kaka Doto akiwepo, Mama mwenyewe akiwepo, na baba mdogo Masanja kama bado hajarudi Urambo.

Pikipiki situmi. 

Kinachoniuma si hela. Kinachoniuma ni kwamba tangu Pasaka Mama hajatia mguu shambani Kwihara, na shamba hilo umelikodisha bila kuniuliza wala kumuuliza Doto, eti watu wa hapo mtaani Cheyo wanacheka kumwona mama wa mtu wa Ulaya anapita na jembe begani. Wacheke! Yale makochi nilinunua ya wageni, sikununua ya kumfungia mzee. Juzi Mama kaniambia, "Mwanangu, nimekuwa mgeni kwenye nyumba yangu." Wewe ulikuwa hapo pembeni, nilikusikia unacheka.

Halafu Doto kanitumia picha ya kipimo cha sukari ya Mama. Asubuhi, kabla ya chai: 6.4. Mwaka jana wakati anakwenda shamba na kurudi kwa miguu ilikuwa haivuki 5.5. Ikifika 7 kwa kipimo zaidi ya kimoja, hicho ni kisukari, na mguu wa Baba sote tunaukumbuka, sina haja ya kuusimulia.

Najua utakachosema, maana ndicho ulichosema kwenye arobaini: huu ni ugonjwa wa ukoo, bibi mzaa Mama alikuwa nao, Baba alikuwa nao, ukikufuata umekufuata. Nusu ya maneno hayo ni kweli kabisa, na kwetu sisi watoto ni kweli zaidi, kwa sababu umeingia pande zote mbili. Mzazi mmoja akiwa na kisukari hiki cha ukubwani, mtoto ana uwezekano wa karibu asilimia 40 kukipata maishani. Wakiwa nacho wote wawili inakaribia 70. Jeni zinazochangia si moja wala mbili, ni mamia, kila moja inasukuma kidogo. Iliyo na nguvu kuliko nyingi inaitwa TCF7L2, iligunduliwa 2006. Nyingine, FTO, ya unene unaovuta kisukari, ilijulikana mwaka uliofuata: aliyeirithi kwa baba na kwa mama anakuwa na kilo kama tatu zaidi ya asiye nayo. Haya tulifundishwa darasani, kwa Kifini, na mtihani nikapita. Mwambie yule mwalimu wetu wa Isevya aliyesema mimi Kabula lugha haziniingii. Sasa nasoma mafaili ya wagonjwa kwa Kifini na kuyaandika mwenyewe, na wenzangu Wafini wananiuliza mimi dozi.

Sasa nusu ya pili, ambayo wewe huisemi. Hizohizo jeni hazina nguvu ileile kwa mtu anayetembea na kwa mtu anayekaa. Mwaka 2011 wanasayansi walikusanya takwimu za watu wazima zaidi ya laki mbili, wakakuta kwa wale wanaoutumia mwili, uwezekano wa unene unaoletwa na FTO unapungua kwa kama robo. Haukwishi, unapungua. Na hapahapa Kuopio, pamoja na Helsinki, Turku, Tampere na Oulu, waliwachukua watu 522, wa makamo, wanene, sukari yao imeanza kupanda kama ya Mama. Nusu wakapewa ushauri wa kawaida. Nusu wakafuatwa kwa karibu kwa masharti matano: wapunguze uzito kidogo, mafuta kwa jumla wapunguze, yale mabaya nayo wapunguze, wale vyakula visivyokobolewa, na kila siku nusu saa ya kuutumia mwili. Matokeo yalitoka 2001. Kundi la pili kisukari kilipungua kwa asilimia 58. Waliotimiza masharti manne au yote matano, hakuna hata mmoja aliyekipata kwa muda wote wa utafiti. Hakuna, Kaka. Na Wamarekani wakarudia kwa watu zaidi ya elfu tatu, wakapata 58 hiyohiyo, wakati dawa ya kisukari ya metformin peke yake ilipunguza 31. Walipokuja kupima jeni, wenye ile TCF7L2 mbaya ndio walioumia zaidi kwenye kundi lililoachwa bila msaada. Waliobadili mwenendo, ubaya wake ulikuwa karibu hauonekani.

Kwa hiyo unaponiambia "ni ya ukoo, acha Mama apumzike," umeigeuza hesabu. Ingekuwa si ya ukoo ndipo tungeweza kumwacha akae.

Misuli inapofanya kazi, Kaka, inavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini, ile homoni ya kuingiza sukari kwenye misuli, imechoka. Ina njia yake. Na mtu akishapumzika, misuli inabaki inapokea sukari vizuri zaidi kwa siku moja, pengine mbili, halafu inarudi ilivyokuwa. Ndiyo maana ile Jumapili mnayomtembeza hadi kanisani na kumpiga picha haifidii wiki nzima ya kukaa mbele ya runinga.

Ukitaka mfano usitoke nyumbani. Kulwa na Doto, pacha wetu wa kufanana, ambao Baba mwenyewe alikuwa anawaita kwa kubahatisha. Damu moja, kila kitu kimoja. Kulwa yuko Dar, gari linamchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni, sasa anakunywa metformin. Doto anapiga baiskeli kila siku hadi Itetemia, anachimba, anabeba maji, na suruali ya harusi bado inamwenea. Sisemi watu wawili ni utafiti. Na Doto asijivune: pacha wa kufanana mmoja akipata kisukari, mwenzake mara nyingi naye hufuata, ila anaweza kuchelewa sana. Nimemwambia akapime na amekaa kimya. Mwulize mbele ya mkewe.

Na wifi, mkeo, msimcheke. Nimesikia mnamwambia anatembea bure mbona hapungui. Wamarekani waliwahi kuchukua familia nzima nzima, wazazi na watoto, wakawafanyisha mazoezi ya aina moja wiki 20. Wengine pumzi iliongezeka ajabu, wengine haikuongezeka karibu kitu, na tofauti hiyo ilikwenda kifamilia. Mwili wa wifi ni wa kwao, si wa kwetu. Sukari na presha vinaweza kushuka hata mizani ikikaa palepale. Aendelee.

Huku wazee wa miaka themanini wanatoka kwenye theluji, baridi chini ya sifuri digrii ishirini, kila mmoja na fimbo mbili mkononi kama wamepotelewa na ng'ombe. Ninaowahudumia mimi, ambao miguu imekataa, tunawainua kitini na kuwakalisha tena, mara kadhaa, asubuhi na jioni, kwa sababu hata hilo ni kazi kwa misuli. Halafu mama yangu, mwenye miguu mizima, mjukuu wa wapagazi waliobeba pembe kwa bega kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, analetewa maji ya kunywa kwenye trei.

Basi nafanya hivi. Nimetuma kwa simu ya Doto hela ya stripu za kupimia, dawa za Kulwa za miezi miwili (anasema mshahara umechelewa, tumwamini), na raba za Mama, zile za soli nene, si za mapambo. Mwenye kukodi avune chake halafu shamba lirudi. Mzigo Mama asibebe, goti lake nalijua. Mahindi yaje kwa baiskeli. Yeye aende kwa miguu asubuhi jua halijawaka, apalilie anachoweza, apumzike chini ya ule mwembe mkubwa, arudi. Siku asizokwenda Kwihara azunguke hata hapo mtaani nusu saa. Na chai vijiko vinne vya sukari hapana, hata akikuambia ni asali. Asali nayo ni sukari.

Maembe yameanza? Huku dukani lipo moja limefungwa kwenye plastiki, gumu, na bei yake nikikutajia utaniita mwongo. Nilinusa tu nikalirudisha. Kama kuna mtu wa Dar anayepanda ndege kuja Helsinki, mpeni matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vya kwetu, kidogo tu, yaliyokaushwa vizuri yasiote ukungu njiani. Nina hamu nayo hadi naota.

Nakuheshimu, Kaka, wewe ndiye uliyenipeleka stesheni usiku ule na hukunidai nauli. Ila neno la pikipiki usilirudishe mbele ya Mama kana kwamba mimi nimemnyima. Mwambie ukweli: Kabula kasema utembee. Akikasirika, anipigie mwenyewe, Alhamisi niko nyumbani mchana kutwa.

Mdogo wako,
Kabula