Risala ya Klabu ya Historia na Biashara kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Meza ya Fedha za Kale, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunawasalimu: shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanachama wote wa klabu tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Umeitumikia sekta ya benki kwa sehemu kubwa ya maisha yako kabla ya kustaafu, na ndiyo maana jina lako lilitajwa kwanza tulipokaa kufikiria ni nani atufungulie meza hii iliyo mbele yako.

Safari iliyozaa shughuli ya leo ilikuwa ya kwenda Arusha, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, jirani na Mnara wa Mwenge. Tulikwenda tukitarajia kujifunza habari za TANU na ujamaa, na kweli tulijifunza, lakini kilichotushika zaidi ni suala la fedha. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi huohuo benki za biashara zilitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC), ambayo mwaka 1997 iligawanywa na ndipo tukapata NMB. Wengi wetu tunapita kila siku mbele ya matawi ya NBC na NMB hapa mjini bila kujua kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Tukiwa njiani kurudi Moshi tuliulizana jambo ambalo vitabu vyetu vya darasani vinaligusa kwa mistari michache tu, yaani kabla ya benki hizo, watu wa huku mlimani walilipwa kwa fedha gani, nani aliitengeneza, na kwa nini ilibadilishwa mara kwa mara. Tuliamua kuuliza nyumbani. Majibu yalikuja yamefungwa kwenye vitambaa, yamo ndani ya makopo na masanduku ya bati ya bibi zetu, na mengi ya majibu hayo sasa yamepangwa hapa mezani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukianzia kushoto utaona kauri, yaani simbi ndogo za baharini. Katika karne ya 19 wafanyabiashara walizisafirisha kwa shehena kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, ambako zilitumika kununulia bidhaa sokoni. Inayofuata ni picha ya sarafu ya shaba ya Kilwa, kwa kuwa sarafu yenyewe hatuna. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe, wakaziandika kwa Kiarabu maneno yenye vina, na moja ya sarafu hizo imepatikana hadi Great Zimbabwe. Tuliona ni lazima picha hiyo iwepo, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba sarafu ililetwa katika nchi hii na mkoloni.

Baada ya hapo kuna rupia ya Wajerumani, ambayo tunakuomba uishike mkononi. Ni ya fedha halisi, nzito kuliko inavyoonekana, na upande mmoja ina sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890, rupia 1 ikiwa sawa na sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, hadi ulipokuja utaratibu wa kuigawa rupia katika heller 100. Kilichoziingiza sarafu hizi katika kaya nyingi ni kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ambayo kwa nyumba ya kawaida ya kijijini ilikuwa rupia 3. Aliyekuwa na migomba, mbuzi na mbege lakini hana rupia, alihesabiwa kuwa mdaiwa. Kwetu sisi hilo lilikuwa somo kubwa kuliko tarehe zote tulizokariri, maana lilituonesha kwamba fedha inaweza kufika mahali kwa amri kabla haijafika kwa biashara.

Pembeni tumeweka picha ya sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye ndovu aliyeinua mkonga. Ilifuliwa katika karakana ya reli mjini Tabora wakati wa vita, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamezingirwa na hawakuweza tena kuletewa fedha kutoka kwao.

Waingereza walipochukua nchi, fedha ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London. Senti 10 za bodi hiyo, zenye tundu katikati na pembe za ndovu, ndizo tulizoletewa kwa wingi zaidi, na baadhi zimefika zikiwa bado zimetungwa kwenye kamba. Ni katika zama hizo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao mwaka 1925, na kisha chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933.

Sehemu tunayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1966. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni mwaka huo, na nchi ikapata shilingi yake yenyewe. Hapa kuna senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi 1 yenye mkono ulioshika mwenge. Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, aliyekabidhiwa kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 33. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanapoelezwa hivyo husogea karibu zaidi na meza, na sisi tunaamini kwamba hapo ndipo somo linapoanza kuwaingia. Wakati huo dola 1 ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 7.14. Namna tulivyotoka hapo hadi kufikia maelfu ni habari ndefu ya vita, bei ya mafuta, mazao na sera, na tungependa sana uizungumzie leo, kwa kuwa wewe uliishuhudia ukiwa nyuma ya dirisha la benki. Kipande cha mwisho mezani ni kitochi, simu ya aina iliyotumika wakati M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenzetu wa nchi nyingine wamejenga makumbusho mazima kwa ajili ya jambo hili. Mjini New York, John Herzog alianzisha mwaka 1988 makumbusho ya historia ya fedha ya Marekani, mwaka mmoja baada ya soko la hisa kuanguka Oktoba 1987. Katika makumbusho ya Benki Kuu ya Uingereza mjini London, mgeni huruhusiwa kujaribu kuinua kipande cha dhahabu chenye uzito wa takribani kilo 13. Sisi hatuombi jengo wala dhahabu. Tunachokihofia ni kwamba vitu hivi vinapotea. Rupia nyingi za huku zimekwishayeyushwa na masonara zikawa bangili, nyingine zimeuzwa kwa watalii. Na tangu tarehe 5 Aprili 2025, muda wa kubadilisha noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003 ulipokwisha, noti hizo zimekosa thamani ya malipo, na tumeona baadhi zikichezewa na watoto. Tunawaomba wazazi wasizitupe, watuletee.

Tunakuomba utusaidie kupata kabati la vioo lenye kufuli, kwa sababu kwa sasa kila jioni sarafu hizi hurudishwa ofisini kwa mwalimu mlezi ndani ya boksi la viatu. Tunaomba pia utuunganishe na wastaafu wenzako walio tayari kuja kutusimulia kazi ya benki ilivyokuwa kabla ya kompyuta, pamoja na uongozi wa tawi lolote litakaloturuhusu kuona namna noti chakavu zinavyotenganishwa na nzima. Mwisho, kati ya shilingi ya mwaka 1966 na kitochi tumeacha nafasi wazi ya kitabu cha akiba cha zamani, kile kilichoandikwa kwa mkono na kugongwa mhuri kila mtu alipoweka fedha. Hakuna mzazi aliyekipata hadi leo. Endapo unacho nyumbani, au unamfahamu aliye nacho, tutakitunza kwa uangalifu na jina la mtoaji litaandikwa chini yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Historia na Biashara,
Moshi, Kilimanjaro