Wifi, lile jua nililokwambia

Wifi yangu,

Salamu zako kaka huniletea, na najua ni za kwake, si zako. Mwaka wa tisa huu.

Nimesikia mtoto alilazwa tena, safari hii ametapika damu. Kaka alinipigia akiwa Magogoni anasubiri pantoni, kelele tupu, nikaambulia "bandama". Ikabidi niulize kwingine: ini likijaa makovu damu hukosa njia, bandama inavimba, mishipa ya kooni inatuna hadi ipasuke. Na huyu operesheni ya Kasai ilimkubali! Mrija wa nyongo ulikuwa umeziba, wakamuunganisha utumbo na ini nyongo ipate njia, macho yakarudi meupe, tukapika pilau. Kumbe hata ikikubali, wengi huishia kuhitaji ini jingine. Wewe uliambiwa, ukanyamaza.

Ile arobaini siisahau. Wanawake wamejaa mkekani, ukatoka chumbani na nepi, ukaifunua mbele ya mama: choo cheupe kama chokaa. "Wifi ndiye aliyesema nimwanike juani." Wote wakanigeukia, hata yule aliyekuwa anagawa kashata.

Nilisema, ndiyo. Nani hakusema? Mama alisema, nesi alisema. Wangu watatu walikuwa na manjano, nikawaanika, yakaisha ndani ya wiki mbili. Mrija wa nyongo ulioziba ningeuonea wapi? Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, choo cheupe, hayo aliyekuwa akibadilisha nepi ndiye aliyeyaona. Nisamehe. Hilo sikutaka kuliandika hapa.

Lakini nimehesabu. Nilikwambia habari ya jua ana siku 21. Alipasuliwa ana siku 71, na madaktari hutaka iwe kabla ya 60. Kutoka 21 hadi arobaini ni 19, hizo nazibeba. Zile 31 zilizofuata zilikuwa za rufaa na za kutafuta pesa. Usinibebeshe zote.

Sasa wanazungumzia India, na ndugu kutoa kipande cha ini. Nimepima, mimi ni kundi O. Kinachokatwa hukua tena, mume wangu bado hajui. Kaka anasema umeapa bora uuze kiwanja cha Chanika kuliko mwanao kubeba ini langu. Kiuze, nauli itatakiwa. Kiwanja hakina ini, wifi.

Alhamisi nakuja, na karatasi ya vipimo ninayo kwenye pochi. Usipofungua nitakaa barazani, majirani wako nawajua wote.