Kabla hamjapaka chokaa

Moshi, Jumanne, 7 Mei 2024

Somo yangu mpenzi,

Pole, na pole tena. Tangu Jumamosi usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Nilikuwa nafuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa toka walipoanza kukitaja hicho kimbunga Hidaya, na waliposema kinaelekea Mafia, moyo ulinipasuka, maana najua kutoka Mafia hadi kwenu ni pua na mdomo. Jana ulipopokea simu nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka mwanangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Mtandao ulikuwa unakatika, lakini mambo mawili niliyapata: kwamba nyote ni wazima, na kwamba Jumamosi hii kijiji kizima kinasugua kuta na kupaka chokaa, kuanzia msikitini.

Hilo la pili ndilo lililonishikisha kalamu usiku huu. Somo, nakuomba sana, chokaa isipakwe kabla hujapita nyumba kwa nyumba na kuweka alama pale maji yalipofika. Barua hii nitaipiga picha nikutumie mtandao ukitulia, na karatasi yenyewe nitampa dereva wa basi aje nayo barabara ikifunguka.

Unajua mimi huu ni mwaka wa tisa nasoma geji ya mto hapa Rau. Asubuhi na jioni nashuka ukingoni, natazama ule ubao wenye namba, naandika kwenye daftari maji yamesimama wapi. Hujawahi kuniuliza kwa nini, nami sijawahi kukueleza vizuri. Acha nikueleze kwa jambo lililotupata wenyewe.

Kuna kalavati kwenye barabara ya kwenda mashambani kwetu. Miaka ya nyuma masika yalilibomoa. Maji yalipopungua tulifanya kama mnavyotaka kufanya ninyi: tukatoa tope, tukasugua, tukapaka chokaa, mtaa ukang'aa kama sikukuu. Miezi mitano baadaye akaja mhandisi na kalamu yake, akauliza maji yalifika wapi. Mmoja akasema magotini. Mwingine kiunoni. Jirani yangu, ambaye alimbeba mama yake mgongoni usiku ule, akasema kifuani, na yule kijana akamtazama kama mtu anayetia chumvi. Hapakuwa na alama hata moja ya kumwonyesha. Geji yangu nayo haikumsaidia, kwani maji yalikuwa yameimeza yote, na mimi nilikuwa bado mgeni wa kazi, sikujua kwamba ubao ukizama, kipimo unakihamishia kwenye mti. Kalavati likajengwa upya kwa upana uleule. Mwezi uliopita, Aprili hii, limekwenda tena, na safari hii limeondoka na nusu ya barabara.

Ndiyo maana usiku ule wa Aprili sikukaa ndani. Huku kwetu mto una tabia ya kuja bila mvua. Mjini Moshi tunapata karibu milimita 900 za mvua kwa mwaka, lakini msitu wa juu, upande huu wa kusini wa mlima, unapata zaidi ya milimita 2,000. Kwa hiyo unaweza kuwa umeanika mpunga juani huku chini, kumbe juu kumenyesha tangu alfajiri, na yale maji yanateremka kwako kwa kasi ya mteremko wa mlima wenye mita 5,895. Kwanza unasikia mawe yanagongana mtoni. Kisha harufu ya udongo mbichi. Nilipoona geji inazama nilichukua chaki na tochi, nikasimama mbali juu ya tuta, na kila nusu saa kijana wangu akachora mstari kwenye shina la mkuyu na saa pembeni yake. Asubuhi tulikuwa na mistari tisa. Mistari ile sasa imepimwa, imo kwenye daftari, na nakala yake nimeipeleka ofisi ya maji ya bonde.

Ninyi hamkuwa na chaki usiku ule, na nani angekuwa nayo katika upepo ule! Lakini maji yenyewe yameandika. Kazi ni kuyasoma kabla hayajafutika, na yanafutika upesi mno. Mvua moja tu ya jioni inaosha nusu ya ushahidi.

Alama nzuri kuliko zote ni ule mstari mwembamba wa vitu vyepesi vilivyonasa ukutani maji yalipotulia kileleni. Kwetu ni makapi ya mpunga: yanajipanga ukutani yamenyooka kama yamepigwa kamba. Kwenu labda ni mbegu za ufuta, au nyuzi za makumbi, au majani makavu yaliyosagika. Ukiuona mstari huo ndani ya nyumba, kwenye chumba ambacho mlango ulikuwa umefungwa, basi umepata hazina, maana ndani maji hayapigwi na mawimbi. Nje kuna mambo ya kukuhadaa. Upande wa nguzo au mti unaopokea mkondo, maji hupanda juu kuliko usawa wake wa kweli. Takataka zilizoning'inia kichakani nazo si za kuaminiwa peke yake, kwani kichaka kililala chini ya nguvu ya maji kisha kikainuka nazo, ukapima kimo ambacho maji hayakukifikia.

Na ukuta wa udongo, somo, angalia sana ukuta wa udongo. Tofali bichi hunyonya maji kama utambi wa kibatari. Siku mbili baadaye unyevu umepanda shubiri nzima juu ya pale maji yaliposimama, na watu wote watakuonyesha ule weusi wa unyevu kwa nia njema kabisa. Tafuta tope na makapi, achana na weusi.

Ukishapata alama, chora mstari kwa mkaa au rangi, andika tarehe na jina la kijiji, halafu pima kwa futikamba kutoka sakafuni. Lakini sakafu zinatofautiana, nyumba hii ina msingi wa matofali matatu, ile haina msingi. Kwa hiyo chagua kitu kimoja ambacho hakitahama. Ningekuwa mimi ningechagua baraza ya msikiti. Kila alama ihusishwe na baraza ile: iko juu yake kiasi gani, au chini yake kiasi gani. Fundi wenu wa kujenga ana ule mpira mwangavu wa kujaza maji wanaopimia usawa wa msingi. Muazime, na mwenyewe mwombe aje nao. Shika ncha moja kwenye baraza, mwenzio ashike nyingine kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, maji ya ndani yatasimama sawasawa pande zote mbili hata kama kuna kona na ua katikati. Kwa mpira huo mtazunguka kijiji chote kutwa moja. Sisi tulifanya hivyo na fundi hakutaka hata soda, alisema nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya tatu kwenye orodha.

Piga picha mbili kwa kila alama: ya mbali ionyeshe nyumba nzima na barabara, ya karibu ionyeshe futikamba ikiwa imesimama kwenye mstari. Picha ya karibu peke yake baada ya mwezi itakuwa picha ya ukuta tu, hakuna atakayejua ni wa nani. Na mtu aliyefiwa au anayelia usimpige picha. Kaa naye kwanza. Ukuta utakusubiri saa moja.

Saa nazo uliza. Watu hawakumbuki saa ya ukutani, wanakumbuka walikuwa wanafanya nini: kabla ya Isha, baada ya taa kuzimika, mtoto alipoamka kunyonya. Uliza watu watatu, kila mmoja peke yake, maana wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa ndiye ataamua saa ya wote.

Utaniuliza kwa nini nahangaika na kimo wakati maji yenyewe yamekwisha kwenda baharini. Ni kwa sababu kimo, upana wa bonde na mteremko vikikutana, wataalamu wanaweza kurudi nyuma wakahesabu ni maji kiasi gani yalipita hata kama hakuna aliyekuwepo kuyapima. Siku mto ukiwa mdogo hesabu hiyo ni rahisi, nimewafundisha hata wanangu. Tuseme unatupa ndimu mtoni, inakwenda mita 20 kwa sekunde 10. Hizo ni mita 2 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, unapata 1.7. Mto ukiwa na upana wa mita 12 na kina cha wastani cha mita moja na nusu, eneo lake ni mita za mraba 18. Zidisha: ni karibu mita za ujazo 30 kila sekunde. Yaani maboza matatu ya lita 10,000 yanakupita kabla hujamaliza kusema "bismillahi". Sasa mwambie mtu apitishe maboza matatu kwa sekunde ndani ya kalavati la upana wa meza. Hapo ndipo mhandisi anaacha kukutazama kama mtia chumvi. Ndimu, nakusihi, ni ya siku za kawaida na ya kutupwa kutoka darajani. Maji yakishakuwa mekundu na kubeba magogo, mtu asisogee ukingoni kwa ajili ya kipimo chochote.

Upande wa hasara, ninyi walimu mna bahati ya mwandiko mzuri na daftari za mistari, zitumieni. Usiandike "nyumba imeharibika". Andika ukuta upi ulianguka na ulikuwa wa nini, tope au tofali la kuchoma, na maji yalikuwa kimo gani pale. Andika magunia ya mahindi, mbegu, kuku, sare za shule, jembe, cherehani ya kukodi. Nimeona orodha nyingi zilizojaa mabati na milango, na ndani yake hakuna hata kitu kimoja cha mwanamke. Zungumza na akina mama bila waume zao kusimama mlangoni.

Shamba lipimwe kwa kilichoachwa juu yake. Tope laini linaweza kulimwa msimu ujao na likatoa mazao. Mchanga ni msiba mwingine, kwetu kuna jirani ambaye robo eka yake imelala chini ya mchanga unaofika katikati ya muundi, na hakuna jembe la mkono litakaloutoa. Visima viandikwe vyote, na vyoo vilivyofurika, na umbali kati yao. Hilo liwahi kwa mganga wa zahanati leo kuliko kesho, kipindupindu hakisubiri orodha ikamilike. Tafadhali chemsheni maji.

Kuna jambo ambalo watu hulisahau, nami nalishikilia sana. Andika pia nyumba zilizopona. Ile iliyo jirani kabisa na kijito lakini imesimama, ina msingi wa kimo gani? Ilikuwa na mti upande wa juu? Hapa kwetu nyumba ya bibi mmoja iliyozungukwa na migomba iliyosongamana haikupata hata ufa, na mimi naamini ile migomba ilivunja kasi ya maji. Siwezi kukuapia, lakini nimeiandika na nimeipima.

Nakala moja iwe kwa mtendaji wa kijiji aifikishe kwenye kamati ya maafa, moja ya mambo ya barabara na makalavati iende TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, na moja ibaki kwako ndani ya mfuko wa plastiki, juu darini. Usitoe zote.

Nakumbuka mwaka ule nilipokuja kwenu harusini, mama mkwe wako alitusimulia kimbunga cha Lindi cha mwaka 1952, jinsi minazi ilivyolala kama nyasi. Nilimuuliza maji yalifika wapi. Akainua mkono hewani, akaushusha kidogo, akauinua tena. Tulikuwa tumekaa uwanjani, hapakuwa na ukuta wa kuushikisha ule mkono. Vimbunga huku kwetu ni vichache kwa sababu tuko karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupindisha upepo ukajiviringa. Lakini huyu Hidaya amekuja. Wajukuu zako watauliza, nami ningependa wapelekwe msikitini wakaonyeshwe mstari.

Kwa hiyo mwombe imamu, kwa heshima zote, waache mraba mmoja tu wa ukuta bila chokaa, wenye mstari na tarehe 4 Mei 2024. Ukuta mwingine wote upendeze.

Msalimie shemeji, na watoto wote. Nimemtunzia mwanao yule wa dawati la mbele futikamba yangu ya mita tano, inakuja na dereva pamoja na barua. Ukipata mtandao, hata kabla ya kunijibu haya yote, niandikie namba moja tu: baraza ya msikiti, na maji yalipanda sentimita ngapi juu yake.

Ni mimi somo yako,
wa ukingoni Rau