Mjukuu Afananaye na Bibi: Barua kwa Baba, Tabora

Kiel, Ujerumani
12 Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo pia Mama, na wadogo zangu wote nawasalimu. Mimi ni mzima wa afya. Baridi imeanza kuingia, lakini koti mlilonihimiza ninunue ninalo na ninalivaa. Naomba barua hii isomwe na mdogo wangu wa kidato cha tatu, kwa sauti na taratibu, jioni mkishamaliza kula, kwa kuwa ni ndefu na ina majina mageni.

Baba, mwezi uliopita uliniuliza kwenye simu swali ambalo sikulijibu, kwa kuwa salio lilikuwa linakwisha na kwa kweli sikuwa na jibu fupi. Ulisema: "Mwanangu, miaka miwili sasa unawapa majina nyigu wadogo kuliko punje ya mchele. Jina la mdudu linachukua miaka miwili?" Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Wewe umefuga nyuki tangu kabla sijazaliwa, na sitaki uone kwamba mwanao amekwenda mbali kufanya kazi isiyo na maana.

Nianze na mti. Hapa kuna mti uitwao mwaloni, na Mama ataujua kwa jina kwa sababu Ibrahimu alikaa kwenye mialoni ya Mamre. Ukigeuza jani la mwaloni mwezi huu, upande wa chini utaona vidude bapa vya mviringo, vyekundu na vya manjano, vimebandikwa kama vifungo vya shati, wakati mwingine zaidi ya hamsini kwenye jani moja. Hivyo huitwa vinundu. Si ugonjwa wa ukungu, wala si mayai. Nyigu jike alichoma jani kwa mrija wake wa kutagia na kuacha yai ndani, na kiluwiluwi alipotoka kwenye yai akaufanya mti wenyewe umjengee nyumba na kumlisha kutoka kwenye kuta za nyumba hiyo. Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba kila spishi ya nyigu huuamuru mti ujenge nyumba ya umbo lake: moja laini kama gololi, nyingine yenye manyoya, nyingine kama tofaa dogo, na zote ni kwa mwaloni uleule. Nyigu hawa hawafanani na wale wanaojenga kwenye dari letu. Ni wadogo, weusi au kahawia, na hawaumi mtu. Wanahesabiwa katika oda moja, yaani kundi kubwa moja la wadudu, na nyuki wako na sisimizi, na spishi zinazojulikana ni takriban 1,400, ambapo karibu 1,000 ni za mialoni.

Sasa, Baba, utasema: kama kila spishi ina nyumba yake, basi si uitazame nyumba tu na kumtaja mwenyewe? Hivyo ndivyo walivyofikiri wataalamu wa zamani, na hapo ndipo walipopotea kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mnakumbuka Bibi, Mungu amrehemu, alivyokuwa akiniita mke mwenzake, akimwambia Mama kwamba mimi na yeye tu rika moja na kwamba Mama ndiye mgeni kati yetu? Watu walisema nimechukua sura yake yote, na Mama hakuachiwa hata kidole. Kwa nyigu wa mialoni maneno hayo si utani. Vifungo vile vya chini ya jani huanguka ardhini, hukaa huko majira yote ya baridi, na mwanzoni mwa machipuko hutoka nyigu ambao wote ni majike. Hakuna dume hata mmoja, na hawamhitaji. Wanapanda mtini, wanataga kwenye vichipukizi, na mwezi wa tano kwenye mashada ya maua ya mwaloni vinatokea vinundu vya namna nyingine kabisa, vya mviringo na vyenye maji, kama zabibu ndogo. Humo hutoka madume na majike, wenye sura tofauti na ya mama yao. Hao wanajamiiana, majike wanataga chini ya majani, na vifungo vinarudi. Binti hafanani na mama yake kwa umbo wala kwa nyumba. Anafanana na bibi yake.

Fikiria mtu aliyekusanya wadudu miaka hiyo bila kujua siri hii. Aliyetoka kwenye kifungo akaitwa Neuroterus lenticularis, na aliyetoka kwenye zabibu akaitwa Spathegaster baccarum. Hawakuwa wamewatenga kwa spishi tu, bali hata kwa jenasi, yaani kundi la spishi zenye udugu, kama kwamba hawana udugu wa karibu, na kumbe ni mama na mwana. Aliyewaunganisha ni daktari wa watu aliyeitwa Hermann Adler, mkazi wa mji wa Schleswig, usio mbali na hapa nilipo. Alipanda mialoni midogo kwenye vyungu, akawaweka nyigu juu yake, akawatazama wakitaga, kisha akasubiri aone kitakachoota mahali palepale. Mwaka 1881 alichapisha matokeo yake, na majina mengi yaliyokuwa mawili mawili yakawa moja moja. Kwa kuwa kanuni ya kutoa majina hulitanguliza jina la kwanza, hawa wa vifungo na zabibu leo wanaitwa Neuroterus quercusbaccarum, kwa jina walilopewa na mtaalamu wa Uswidi, Linnaeus, mwaka 1758. Nimekwenda Schleswig mara moja, siku ya Jumamosi, kwa ajili yake tu. Nilisimama chini ya mwaloni mmoja na nikamshukuru.

Nikupe mfano mmoja tu zaidi, kwa sababu naupenda kuliko yote. Kuna nyigu aitwaye Biorhiza pallida. Kizazi chake kimoja hukaa chini ya ardhi, kwenye vinundu vilivyoshika mizizi ya mwaloni, na wanaotoka humo ni majike wasio na mabawa. Ungewaona ungesema ni sisimizi. Wanatoka katikati ya baridi kali, hata theluji ikiwa chini, wanapanda shina kwa miguu mpaka kwenye ncha za matawi, na huko wanataga ndani ya vichipukizi. Huota kinundu kikubwa, laini kama sifongo, kinachofanana na tofaa, na ndani yake hutoka nyigu wengi, madume na majike. Majike wa kizazi hicho hushuka tena hadi kwenye mizizi. Mmoja anaishi gizani, mwingine juani. Nani angewaweka kwenye ukoo mmoja kwa kuwatazama tu?

Kwa hiyo, Baba, miaka miwili inakwenda kwa kuufuata mzunguko wa watoto na wajukuu. Siwezi kuuharakisha, kama vile wewe huwezi kuwaharakisha nyuki kuhamia kwenye mzinga mpya.

Lipo gumu la pili, na hili nililijua kwa kukosea. Mwaka wa kwanza nilikusanya vinundu, nikavifungia kwenye masanduku, na nyigu walipotoka nikawaandikia vibandiko kwamba hawa ndio waliovijenga. Niliandika zaidi ya mia mbili. Profesa wangu alipowaangalia kwenye hadubini aliniita na kunionyesha, bila kunikaripia, kwamba wengi wao walikuwa Synergus. Hawa ni nyigu wa familia ileile lakini wao hawajengi. Mama yao hutaga kwenye kinundu kilichokwisha kujengwa na wenzake, na watoto wake hula kuta za nyumba hiyo. Wengine walikuwa nyigu-vidusia, ambao kazi yao ni kumla mwenye nyumba akiwa bado kiluwiluwi. Kinundu kimoja kinaweza kuwa kama nyumba ya kupanga kule mjini: ukigonga mlango, anayefungua si lazima awe mwenye nyumba. Nilifuta vibandiko vyote na kuanza upya, na wiki tatu zilikwenda hivyo. Tangu siku hiyo siandiki jina mpaka niwe nimeona mishipa ya bawa, umbo la fumbatio na mikwaruzo ya mgongoni, na inapowezekana vinasaba pia.

Walio hodari kuliko mimi nao walisahihishwa. Yupo Mmarekani, Alfred Kinsey, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa utafiti juu ya mambo ya faragha ya watu, lakini kabla ya hapo alikuwa mtu wa nyigu hawa kwa takriban miaka ishirini. Alizunguka Marekani na Meksiko akikusanya vinundu, na kitabu chake kikubwa juu ya jenasi ya Cynips kilitoka mwaka 1930. Mkusanyiko wake, unaohesabiwa kwa mamilioni ya vielelezo, uko kwenye jumba la makumbusho ya viumbe huko New York. Kinsey aliona tofauti ndogo mno kati ya nyigu na nyigu, na mara nyingi tofauti hiyo aliifanya kuwa spishi mpya. Wengi waliomfuata waliona amegawanya kupita kiasi, wakazifuta nyingi na kuziunganisha. Lakini lililonigusa ni hili: mwaka 1937 alitunga majina ya jenasi, likiwamo Druon na lingine Feron, ambayo baadaye yaliwekwa kando. Miaka hii ya karibuni wataalamu walipopitia upya nyigu wa Amerika wakiwa na ushahidi wa vinasaba, wameyarejesha majina hayo yote mawili. Alikuwa ameona kitu kwa macho yake na vipimo vyake, na amefariki tangu 1956.

Hata familia yenyewe haijasalimika. Tangu nilipoanza masomo nilifundishwa kwamba nyigu wa mialoni na nyigu wa mawaridi mwitu, wanaofanya vinundu vyenye nyuzi nyekundu kama nywele, ni familia moja, Cynipidae. Vinasaba vimeonyesha kwamba wale wa mawaridi ni tawi lililojitenga zamani sana, nao wamepewa familia yao, Diplolepididae. Mchoro niliokariri kwa ajili ya mtihani sasa si sahihi. Sioni ubaya wowote. Naona ni kama ukoo uliokaa kikao na kuwasikiliza wazee ambao hawakuwahi kuulizwa.

Mama aliuliza kama wadudu hawa wana faida. Kwa karne nyingi wino wa kuandikia vitabu na hati za wafalme ulipikwa kwa tanini ya vinundu vya mwaloni ikichanganywa na chumvi ya chuma, na palikuwa na biashara kubwa ya vinundu hivyo kutoka Aleppo, mji wa Syria. Hilo latosha kwa faida. Hasara nayo ipo: nyigu mmoja kutoka Uchina aliingia Italia, akagunduliwa mwaka 2002, na akaharibu sana mavuno ya chestinati, kokwa za mti ziliwazo na watu, mpaka walipoleta nyigu-kidusia wake wa asili amfuate. Waliweza kumchagua kidusia huyo kwa sababu kwanza walijua kwa uhakika jina la adui na jina la anayemla.

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya na Amerika tu. Mwaka 2011 nyigu wa familia hii alielezwa kutoka Afrika Kusini, mjenzi wa vinundu kwenye mti usio mwaloni hata kidogo, akaitwa Qwaqwaia kwa jina la eneo la Qwaqwa. Na pale kwetu, mkuyu ulio karibu na kisima una nyigu wake ndani ya kila tunda: jike huingia kwa tundu dogo mno hata mabawa yake hukatika, hutaga ndani ya maua yaliyofichwa humo, na kila ua lenye yai linakuwa kinundu. Wale si Cynipidae. Ni wa ukoo mwingine wa mbali, Agaonidae. Tulikuwa tunawapuliza tukiwa watoto kabla ya kula tunda, mnakumbuka? Hatukuwahi kuuliza ni akina nani.

Hapo ndipo penye ombi langu, Baba. Mwezi huu mitundu na miyombo kule kwenye manzuki yako itakuwa imechipua majani mekundu kabla ya mvua. Nakumbuka majani hayo yakikomaa yanaota vivimbe, vingine vigumu kama mtama, vingine vyenye manyoya. Unapokwenda kukagua mizinga, chuma matawi machache yenye vivimbe na uweke kila aina ya mti kwenye chupa yake ya mdomo mpana. Usifunge kwa kifuniko, maana ukungu utaingia. Funika kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa sana, wala si chandarua, kwa kuwa matundu ya chandarua ni mlango mpana kwa wadudu hawa. Tia ndani kipande cha gazeti kinyonye unyevu. Mdogo wangu aandike kwenye karatasi, kwa penseli, jina la mti kwa Kinyamwezi, sehemu mlipochuma na tarehe, halafu aandike tarehe ya kila mdudu atakayetoka na ampige picha kwa simu. Yawezekana akawa nyigu, nzi mdogo, au mwingine kabisa, na wa kwanza kutoka asiaminiwe peke yake. Msinitumie kinundu chochote kwa posta, kwa sababu kuvusha wadudu na mimea mipakani kunahitaji vibali. Picha na tarehe zinanitosha mpaka nitakapokuja.

Ukiona kivimbe cha aina moja kwenye jani na cha aina nyingine kwenye shina la mti uleule, usivitenganishe sana kwenye daftari, Baba. Viandike ukurasa mmoja.

Nitakuja mwezi wa sita, Mungu akipenda, nikiwa na hadubini ndogo niliyonunua kwa akiba yangu. Mama, niwekee asali ya nyuki wadogo, hata kikombe kimoja. Wasalimieni majirani wote na shangazi.

Wenu katika upendo,
Binti yenu